Moyo Mweupe

Jumatatu gari la machinjio huja kutoka Zgierz
na ndoo tatu, barafu, mioyo kumi na miwili.
Dereva hashuki. Hupiga honi mara moja,
nami hutoka na koti la maabara
kama mtu anayepokea maziwa.

Naiondoa mafuta. Naikata vipande vidogo kama kete,
navitia mtungini, sabuni, mashine inakoroga
siku nne, usiku na mchana.
Maji ya kwanza hutoka mekundu.
Ya pili, rangi ya chai iliyozidiwa maziwa.
Ya tatu siyaelezi.
Alhamisi hamna tena nguruwe humo:
seli zote zimehama, limebaki jumba bila watu,
kuta zake nyuzi, nyuzi juu ya nyuzi.

Watu husifu: fulani ana moyo mweupe.
Mimi nimeushika.
Unateleza, haunuki,
wala haukumbuki ulimpigia nani.

Mama alisimama miaka ishirini na sita
kwenye vitanda vya kufumia pamba, hapa hapa Łódź,
mpaka viwanda vikafungwa
na mvumo ukahamia masikioni mwake.
Alinifunza kuziba tundu la soksi:
usivute uzi. Ukivuta, kitambaa hujikunja,
na mguu utakulaani njia nzima.
Pitisha, rudisha, acha nafasi.
Wenye shahada hawajaniongezea mengi juu ya hapo.

Bwana Ireneusz, fundi wa mapaa, miaka sitini na mmoja,
alishikwa mwezi wa Februari, juu ya ngazi,
mfuko wa misumari kiunoni.
Alidhani ni kiungulia. Akamalizia safu ya vigae.
Safu hiyo ilimla robo ya moyo.
Msuli uliokufa hauchipui; huwa kovu,
kovu huvutika, ukuta hutanuka,
hukonda kama goti la suruali ya mtoto.
Usipoziba ufa utajenga ukuta, sawa,
lakini huu ukianguka
fundi mwenyewe yumo ndani.

Basi unga wangu,
uliokaushwa, ukasagwa, ukayeyushwa,
hupanda ghorofani ndani ya sindano, baridi, majimaji.
Mrija huingilia kinenani, hufuata mshipa,
huuchoma ukuta kwa upande wa ndani:
hapa, na hapa, mara kumi na tano,
moyo ukiendelea na kazi zake.
Joto la mwili ndilo huugandisha.
Nje ni maji. Ndani, kabla daktari hajavua glavu,
ni ute wenye nyuzi,
pahali pa seli ipitayo kujishika.
Si nguzo. Si chuma.
Nafasi tu, iliyoachwa vizuri.

Alishuka kunitafuta na gauni la hospitali.
“Ni kweli nina nguruwe kifuani?”
“Nguruwe nilimfua mpaka akaisha.”
Akacheka, akajishika mbavu,
muuguzi akaja mbio.

Kuna jambo hatukulitaja, yeye wala mimi,
ingawa lipo ukurasa wa sita, na sahihi yake chini:
nusu ya sindano zina maji ya chumvi,
ili tujue kama sisi tunaponya
au ni matumaini yanayoponya.
Orodha imefungwa hadi mwakani.
Daktari Kiljańska mwenyewe hana ufunguo.

Novemba amepanda ghorofa tatu kwa miguu,
amepumzika mara moja. Aprili zilikuwa nne.
Ananihesabia kwa vidole, kucha bado zina lami,
kisha anatoa chupa kubwa, matango ya mkewe.
“Hayana siki,” anasema. “Maji ya chumvi matupu.”

Nikaishika chupa mbele ya taa.
Bizari ilielea, na punje za haradali,
na maji yenyewe yalikuwa na ukungu kidogo,
kama yanavyokuwa yakifanya kazi.
Sikusema neno. Naye hakusema.

Chini, honi ikalia mara moja.